Sindano ya Tok Wan

Yan, Kedah
8 Machi 1998

Kwa Pak Su Rosdi,

Assalamu alaykum. Nakubusu mkono, mjomba wangu, kutoka huku mbali, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kuala Lumpur. Sisi hatujambo. Baba bado yuko kiwandani Pulau Pinang. Mama hajambo, ila kila akikaanga samaki wa pekasam anauliza mdogo wake anakula nini huko, na kwa nini haandiki.

Mavuno yamekwisha, lakini mwaka huu panya wamekula kuliko sisi. Tok Wan, huyu babu yangu, ameweka sanduku la pili la bundi wa kuwala kando ya mfereji, na bundi mwenyewe hajahamia. Juzi alipomkuta panya ndani ya gunia alipiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Nimeua panya maisha yangu yote nipate kumsomesha mtoto, na mtoto kaenda kuwalisha panya wa serikali!" Halafu akacheka mwenyewe hadi akashika mgongo. Mgongo unamsumbua kidogo siku hizi. Mama anasema nikuandikie ni uzee tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Klabu yetu ya sayansi imenichagua nitoe mazungumzo. Nadhani wamenichagua kwa sababu sikuwa na sauti ya kukataa. Unajua mimi kusimama mbele ya watu. Afadhali unipe jaruba zima nilivune peke yangu. Lakini nikiwa na jambo ninalolijua vizuri, labda mdomo utafunguka. Tafadhali nieleze kazi yako na panya, kwa nini mnawafuga na mnatafuta nini. Andika kwa kirefu. Tok Wan naye atapenda. Kama kawaida nitaisoma barazani baada ya Magharibi, na kama kawaida ataniambia nisiruke hata neno, kwa kuwa barua ni ya nyumba nzima.

Mpwa wako,
Hazwani


Kuala Lumpur
29 Machi 1998

Wani mpendwa,

Waalaykumu salaam wewe na wote mnaoketi hapo barazani. Mwambie Mama yako nakula vizuri, na pekasam yake siipati popote. Mwambie Tok Wan panya wangu ni weupe, wasafi, na hawajawahi kuonja punje ya mpunga wake, kwa hiyo asiwachukie.

Sasa sikiliza, mwanasayansi. Mifupa ya wazee hudhoofika. Ya wanawake imechunguzwa sana. Ya wanaume watu wamechelewa kuiuliza, wakidhani mwanaume ni chuma. Kumbe homoni ya kiume ndiyo inayosaidia kuishika mifupa yake, na ikiondoka, mifupa huliwa ndani kwa ndani. Tukitaka kujua inavyokuwa, na dawa gani inaweza kuzuia, inabidi tuwe na panya asiye na homoni hiyo.

Tulianza kwa kosa. Tuliwachukua panya vijana tukawahasi, tukangoja mifupa ipungue. Haikupungua, ilichelewa kukua tu, maana panya ana kawaida ya kuendelea kurefuka hata akishapevuka. Profesa akatuuliza, "Mnachunguza wazee au watoto?" Tukainamisha vichwa, tukaanza upya na panya waliokomaa kabisa. Kwa hesabu ya panya hao ni rika la Tok Wan.

Kuhasi kwa kisu ni njia moja. Njia nyingine ni sindano, ile ile wanayochomwa wanaume wenye saratani ya tezi dume kila mwezi hospitalini. Kila kitu kinabaki mahali pake, ila kinalala. Baada ya miezi michache mfupa ukiukata na kuutazama kwa hadubini ni kama dodoki kavu. Kwa nje ni mfupa, kwa ndani ni matundu.

Na mwambie Tok Wan kichekesho hiki. Madume yaliyokuwa yaking'atana mpaka masikio yanachanika, sasa yamenenepa, kifua laini, yamekaa kimya kwenye kona kama mabibi harusi wanaongoja kuolewa!

Ukisimama mbele ya wenzako, mtazame mmoja tu usoni. Utaweza.

Pak Su wako,
Rosdi


Yan
26 Aprili 1998

Kwa Pak Su,

Salaam nyingi. Miche ya mpunga imeota vizuri. Bundi amehamia, ila kwenye sanduku la jirani. Mazungumzo yangu yalikwenda salama. Nilimtazama mtu mmoja kama ulivyosema, naye akadhani nimemkasirikia.

Barua yako niliisoma barazani. Pak Teh Din, mwenzake wa kahawa, alikuwepo, alikuja kuomba tumbaku. Alicheka sana pale kwenye mabibi harusi, akampiga Tok Wan begani. "Haya Mat, hao ndio wakwe zako aliokuletea mwanao!" Tok Wan hakucheka. Aliniambia nirudie pale kwenye sindano. Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia tena, polepole. Akaniuliza, "Umesema kila mwezi?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akainuka akaingia ndani, kahawa yake ikabaki hapo.

Pak Su, nina maswali mawili, si ya klabu. Mtu akichomwa sindano hiyo kisha akaacha, homoni inarudi? Na mifupa inarudi?

Ujibu tafadhali. Bahasha iandike jina langu peke yangu. Kupiga simu usipige, maana ya dukani inasikilizwa na kila anayenunua sukari.

Hazwani


Kuala Lumpur
24 Mei 1998

Wani,

Salaam kwa wote. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa tukipima mifupa mchana kutwa, na macho yangu yameiva kwa hadubini.

Majibu yako. Akiacha, homoni hurudi kidogo kidogo, ingawa kwa mzee sana huenda isirudi sawasawa. Mifupa hairudi yote. Lakini swali kubwa hukuliuliza. Sindano ile hawachomwi kwa ajili ya mifupa. Inailaza homoni kwa sababu saratani ya tezi dume inakula homoni hiyo. Mtu akiacha sindano, ugonjwa unapata chakula chake tena. Mifupa kudhoofika ni karo anayolipa ili aishi, na kuna vidonge vya kuisaidia.

Nilikuwa nimefika hapo, nikaweka kalamu chini niende kula. Nikiwa kwenye foleni ya wali nikakumbuka ulivyoandika: bahasha jina lako peke yako. Na Tok Wan kusema "tena". Nimerudi chumbani bila kula.

Wani, nani anachomwa sindano nyumbani kwetu?

Rosdi


Yan
7 Juni 1998

Kwa Pak Su,

Salaam. Mama hajui kwamba naandika, na salamu zake siwezi kukupa kwa kuwa sijazipokea.

Ni yeye, Tok Wan. Tangu mwaka jana, katikati ya mwaka. Mimi mwenyewe nilijua tu kwamba anakwenda mjini kuchomwa "sindano ya mgongo". Baada ya barua yako nilimbana Mama jikoni. Alikuwa akisaga pilipili na hakuinua kichwa. Alisema daktari alimweleza yeye kila kitu, akaombwa amfafanulie mzee kwa lugha ya nyumbani. "Nikamwambia ni sindano ya kukausha uvimbe. Ungemwambia nini wewe, mjuaji? Baba yangu mzazi, nimwambie wanamhasi?" Tok Wan ndiye aliyekataza wewe uambiwe. Alisema uko kwenye masomo ya mwisho, usivurugwe na habari za mzee kukojoa vibaya.

Basi aliyemwambia ni mimi, kwa sauti, mbele ya Pak Teh Din. Mara tatu.

Ameshakosa sindano mbili. Siku ya hospitali ilipofika nilimfuata shambani, alikuwa akiziba tuta.

"Tok Wan, leo si siku ya mjini?"

"Mji hauna miguu. Utanisubiri."

"Daktari alisema usikose."

"Daktari wako ana ndevu tatu kidevuni, na bado kanizidi." Akajipapasa shavu. "Zangu kapeleka wapi? Muulize."

Unanijua. Nilisimama pale na viatu vimejaa tope mpaka akanionea huruma, akasema, "Nenda nyumbani, Wani. Wewe umesoma kilichoandikwa tu."

Sasa anafunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni, na joto hili. Kwenye kahawa Pak Teh Din humwita "bibi harusi" kwa utani. Hajui anachokisema. Tok Wan haendi tena kwenye kahawa.

Fanya kitu, Pak Su. Ila usikifanye kwa barua ya kusomwa barazani.

Hazwani


Kuala Lumpur
20 Juni 1998

Wani,

Humu kuna karatasi mbili. Hii ni yako. Ile iliyokunjwa ni ya Tok Wan. Msomee mkiwa wawili tu, mahali ambapo hapiti mtu. Nimemwomba radhi. Nimemweleza kwamba mwanaume haondoki ndani ya mtu kwa sindano, na kwamba nilichekesha juu ya jambo nisilolijua, mimi niliyejiona nalijua kuliko wote. Nimemwomba arudi hospitali.

Unajua nilichokuwa nafanya siku uliyokuwa ukiisoma barua yangu barazani? Nilikuwa nawachoma. Tunamshika panya shingoni kwa kidole gumba, tunamgeuza, anapiga teke mara moja, basi. Jioni nanawa mikono, naenda kula. Sijawahi kufikiria kwamba kuna mtu anayerudi nyumbani kwa basi baada ya hapo.

Sasa nikimshika mmoja mkononi na kumkuta amelegea, namrudisha ndani na kumwomba mwenzangu amalizie. Wananicheka. Hawajui.

Nitakuja mwezi ujao. Usimwambie.

Rosdi


Yan
19 Julai 1998

Kwa Pak Su,

Salaam, na pole ya safari. Najua ulifika salama kwa sababu Mama alituma mtu aulize kwa dereva wa basi.

Karatasi yako sikuisoma. Nilianza "Kwa baba yangu mpendwa", Tok Wan akanyoosha mkono, nikadhani anataka kuitazama hati yako. Aliikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Barua zake zimetosha."

Na ulipokuja, hakuwa ameitwa kuombea mgonjwa kama Mama alivyokuambia. Alikuona ukishuka barabarani na begi lako. Akatoka kwa mlango wa jikoni. Alikaa kwenye kibanda cha mashine ya maji siku zote mbili ulizokuwa hapa, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Ulipokuwa umeketi ngazini ukimngoja, ukiniuliza harudi saa ngapi, nilikuwa nimetoka kwake muda huo huo. Nilitaka kukuambia. Aliniapisha.

Nilimwuliza, "Kwa nini Tok Wan hutaki kumwona? Amelia."

Akasema, "Wewe hujui kilichomo ndani ya shati langu. Mama yako hajui vizuri. Yeye anajua. Ameshaona kwa panya wake, anajua kila mahali palivyogeuka. Mtoto asimtazame baba yake hivyo."

Kuna jingine, na kulificha siwezi. Amemwambia Imamu Taha kwamba siku yake ikifika, wamwoshe wazee wanaosali surau. Wewe usiingie. Imamu akamwambia, "Haji, mtoto wa kiume ndiye mwenye haki hiyo." Akamjibu, "Haki ni yangu mimi ninayeoshwa."

Hospitali hataki kuisikia. Usiku anaguna kwa maumivu.

Hazwani


Kuala Lumpur
16 Agosti 1998

Wani,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Salamu kwa Mama yako. Mwambie simlaumu. Kama ningekuwa mimi jikoni, ningesema uvimbe vilevile.

Jaribio letu limekwisha. Panya wote wamelala usingizi wa mwisho. Kazi yangu ilikuwa kuweka mfupa wa paja kwenye mashine inayoukandamiza mpaka uvunjike, na kuandika ulihimili kiasi gani. Ya wale wenye homoni hupiga kishindo. Ya wale waliochomwa ilivunjika bila mlio, hata mara moja nikadhani sijawasha mashine. Profesa alifurahi, akasema mfano wetu umefaulu. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya pikipiki.

Usimzungumzie mifupa. Usimzungumzie mimi. Mzungumzie sindano tu. Mwambie kama anataka kunikasirikia miaka kumi zaidi, inabidi achomwe.

Rosdi


Yan
4 Oktoba 1998

Kwa Pak Su,

Salaam. Naandika nikiwa hospitalini, kwenye kiti, kwa hiyo nisamehe hati yangu. Mama alipiga simu ofisini kwenu mara mbili, wakasema uko Ipoh kwenye mkutano. Naituma hii kwa njia ya haraka ili uikute ukirudi.

Tok Wan ameanguka. Hakuanguka kutoka juu. Alikuwa akishuka kutoka kwenye tuta, mguu ukakanyaga pasipo na kitu, hatua ndogo ambayo hata mtoto angeivuka. Paja limevunjika. Walipompiga picha wakakuta ugonjwa umepanda hadi uti wa mgongo. Nilimwuliza daktari, yule wa ndevu tatu, kama paja lilivunjwa na sindano alizochomwa au na zile alizokataa. Nilimwuliza kwa sauti, Pak Su, mbele ya wauguzi. Alisema hawezi kujua, huenda ni vyote viwili. Ni mpole sana. Tok Wan amekubali kuchomwa tena. Daktari amesema itampunguzia maumivu. Hakusema zaidi ya hapo, na Mama hakuuliza.

Hapa anaogeshwa na muuguzi wa kiume. Jana muuguzi hakuja, akaja kijana wa mafunzo, akafungua vifungo vyote bila kuvuta pazia. Tok Wan aligeukia ukutani. Kijana alipoondoka aliniita.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Mwambie kuosha maiti, hata Imamu anaweza. Maiti haoni haya. Mwambie aje nikiwa hai."

Nikaandika. Nikamwuliza niongeze nini.

"Mwambie alete shati lenye vifungo vikubwa. Vidole vyangu havishiki."

Njoo, Pak Su. Njoo na basi la kwanza utakalolipata.

Hazwani


Kuala Lumpur
15 Novemba 1998

Wani mpendwa,

Salaam kwako, kwa Mama yako, na kwa Baba yako aliyebeba jeneza upande wangu. Nimefika salama. Tangu nirudi sijaingia maabara. Profesa amesema nisiharakishe.

Kwenye basi nilifikiria kwamba wewe ulikuwa nje ya pazia siku zote zile. Ulisikia, hukuona. Umeshika mengi kuliko umri wako, na sitaki ubaki ukikisia na hili.

Siku ya kwanza nilivuta pazia mwenyewe, nikalibana kwa kibanio. Hakunitazama. Alisema, "Haya, anza. Unajua pa kutazama." Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, Wani. Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nikafungua kifungo cha kwanza, cha pili kikanishinda. Alishusha macho, akanisaidia kwa kidole chake kisichoshika.

Ndiyo, nilijua kila mahali. Lakini mambo niliyoyajua yalikuwa ya panya. Kovu la mundu ubavuni sikulijua. Bega la kulia lililoshuka kwa kubeba magunia sikulijua. Nimekaa naye nyumba moja miaka kumi na minane, na sikuwahi kumwona baba yangu bila shati mchana.

Nilipomwinua kumsugua mgongo nilimshika chini ya mbavu kwa nguvu. Akafumba macho, akasema, "Polepole bwana. Mimi si panya wako." Nikalegeza mikono. Halafu nikasikia kifua chake kinatikisika. Alikuwa anacheka! Nami nikacheka, maji yakamwagika kitandani, na muuguzi akauliza kuna nini humo ndani. Wewe ulisikia kicheko hicho. Ulidhani tunalia, Mama yako aliniambia.

Tangu hapo alinielekeza. Hapa panauma, pale hapaumi, inua kutoka hapa, goti liegemeze hivi. Kila asubuhi tulijifunza zaidi. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwuliza. Alisema mara moja tu, nikimfunga shati, "Sindano ile wachomeni watu. Lakini waambieni." Nikamwahidi.

Siku yake ilipofika, unajua yaliyotokea mlangoni pa chumba cha kumwoshea. Imamu Taha alinizuia kwa mkono, kwa upole, akasema marehemu alimwachia agizo. Wazee wote walikuwa wakinitazama, Pak Teh Din naye. Ningesema nini, kwamba alibadili mawazo akiwa peke yake nami? Ndipo nikasikia sauti kutoka chumba cha wanawake. Sikuitambua. Nilidhani ni ya mtu mzima. "Tok Wan alibadilisha! Aliniandikisha mimi barua ya kumwita! Mwacheni aingie!" Imamu akashusha mkono. Nilipogeuka nikakuona umesimama mlangoni na mtandio umeanguka.

Kwa hiyo niliingia. Wazee walinipa nafasi, wakamimina maji, wakaniachia mikono yangu ifanye. Nilianza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Mzee mmoja alininong'oneza nisiogope, naweza kumgeuza kwa haraka, haumii tena.

Nilimshika pale alipokuwa amenionyesha, nikamgeuza polepole.

Pak Su wako,
Rosdi